Kumiliki R15 Mtwara: gharama, mchanga na fundi anayesema hajui

Vijana wa hapa Mtwara wakiiona pikipiki yangu huuliza inakimbia ngapi. Wazee huizunguka kwanza, wakatazama nyuma pasipo na keria, ndipo wakauliza: sasa hii unabebea nini? Nimekaa nayo muda wa kutosha kukwambia kwamba swali la wazee ndilo la kujiuliza kabla hujatoa hela.

Ni Yamaha R15, toleo la pili, ya bluu. Imevikwa kava mwili mzima, usukani uko chini, kiti cha nyuma kimenyanyuliwa juu, na asiyejua anadhani ni cc 600. Injini yake ni silinda moja ya cc 149, karibu ujazo uleule wa Boxer 150 ya bodaboda anayekupeleka sokoni. Tofauti iko kwenye namna ujazo huo unavyotumika. R15 inapozwa kwa maji, ina valvu nne, petroli inaingizwa kwa nozeli wala haina kabureta, gia ni sita, na nguvu zake za farasi kama 17 unazipata mshale wa mizunguko ya injini ukiwa umefika 8,500 kwa dakika. Yote mazuri. Na kila kimoja kati ya hivyo ni kitu ambacho fundi wa kijiweni kwako huenda hajawahi kukifungua.

Naandika kwa sababu msimu wa korosho ukifunguka, kuanzia Oktoba malipo ya minada yakianza kuingia kwenye akaunti, hupata watu wa kunisimamisha njiani: dada, na mimi nataka kama hiyo. Wengi ni vijana wa Tandahimba na Newala ambao miezi kadhaa wamekula vumbi la salfa, dawa ya mikorosho, mashambani, na wana haki ya kujifurahisha na jasho lao. Siwakatazi. Nawaeleza haya.

Mimi sikuipata hapa. Maduka niliyoyapita yalikuwa na Boxer, TVS na za Kichina, basi nikaishia Dar es Salaam kwa kijana wa Kinondoni aliyekuwa anahama mkoa. Tulimalizana kwenye milioni nne na laki sita. Kwa fedha ile ningenunua Boxer mpya na chenji ikanunua friji, na mama yangu hakuchoka kunikumbusha hilo la friji.

Nilikwenda kuiona na binamu yangu ambaye ni fundi wa magari. Alinionya mapema nimwombe muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Tulipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa baridi. Pikipiki iliyopashwa moto kabla mteja hajafika huficha mengi: ugumu wa kuwaka asubuhi, moshi wa mwanzo, mlio wa taimingi cheni. Kisha akalala chini na tochi ya simu kusoma namba ya chesisi na namba ya injini, tarakimu moja moja, mimi nimeshika kadi nikimfuatisha. Akabana breki ya mbele, akausukuma usukani chini mara kadhaa, halafu akapitisha kidole kwenye bomba la shokapu. Kidole kikitoka na oili, sili zimekwisha, na sili za R15 si za kuokota duka lolote. Akafungua kifuniko cha maji ya rejeta kutazama kama yana rangi ya dawa au rangi ya kutu. Mwisho akazigusa kava zote, akitafuta vishikizo vilivyovunjika na kugundishwa. Kava huitoboa siri ya ajali kuliko mwenye mali atakavyokubali kuisema, kwa hiyo usione aibu kukagua hata skrubu. Skrubu za rangi tofauti maana yake zimeshafunguliwa na mtu mwenye haraka.

Kabla ya kulipa tuliingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa faini za trafiki, na tukaiangalia bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Yote yanafanyika kwa simu. Kulikuwa na faini zimelala, muuzaji akazilipa tukiwa tumesimama pale pale. Mkataba tuliandikishana kwa mwanasheria, na umiliki nikauhamishia jina langu TRA, mamlaka ya mapato. Wapo watakaokwambia tumia tu kadi yangu, tutamalizana baadaye. Usikubali hata kama ni rafiki. Siku ukisimamishwa na askari, anayejieleza ni wewe, na likitokea la kutokea, huyo rafiki wa Dar hapokei simu.

Leseni nayo ina mtego wake. Nilikuwa na daraja D, la gari dogo, na kama watu wengi nilidhani anayeruhusiwa kuendesha gari hashindwi kuruhusiwa pikipiki. Hairuhusu. Na pikipiki zenyewe zina madaraja: A1 ni kwa zile ndogo, za chini ya cc 125, ila R15 kwa cc zake inakudai daraja A. Nikarudi chuo cha udereva, nikachukua lena, nikafanyiwa jaribio na trafiki, nikaongezewa daraja. Ilinipotezea likizo yangu karibu yote. Nilichopata pale ni mazoezi ya kuzunguka nane kwa mwendo wa kinyonga, na sasa naona ndiyo yaliyoniokoa mara nyingi kuliko ujuzi wa mwendokasi.

Kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita kama 560. Binamu alikataa katakata niiendeshe, akisema pikipiki ngeni na mwendeshaji mgeni hawafai kujuana Rufiji. Ikapandishwa kwenye Fuso. Wapakizi wakapitisha kamba juu ya kava kama wanavyoifunga Boxer, na ilipofika ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole chini ya indiketa ya kushoto. Ukisafirisha ya aina hii, simamia mwenyewe. Kamba zishike shina la usukani na vyuma vya kukanyagia, kamwe zisiguse plastiki. Vua saiti mira, punguza petroli tangini, weka godoro kuukuu au maboksi ubavuni, na piga picha kila upande mbele ya dereva kabla lori halijaondoka. Bila picha huna kesi.

Wiki za mwanzo mwili ulilalamika. Viganja, shingo, mgongo wa chini. Mkao wa R15 unakuinamisha mbele, na mgeni huuegemeza uzito wote kwenye mikono, ndiyo maana akifika Mikindani tu vidole vimekufa ganzi. Uzito unashikwa kwa magoti. Libane tangi kwa mapaja, kaza tumbo kidogo, na viwiko viwe vimelegea kiasi kwamba mtu akikugusa mkono unatikisika. Nilipolizoea hilo, nikaanza kufika Lindi bila kutafuta dawa ya kuchua.

Kwa akina dada wenzangu wanaovaa ushungi: pini na helmeti havikai nyumba moja. Sponji ya helmeti huisukuma pini ya juu ya sikio mpaka ikuchome, na hilo nililijua nikiwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, nimeumia na siwezi kuivua helmeti mbele ya wanaume wote wale. Sasa navaa kininja cha pamba kisicho na pini, mtandio unakaa begini, na gauni ni la kazini tu. Njiani ni suruali ya jinzi nzito, viatu vya kufunika kifundo, glavu, na jaketi lenye matundu ya hewa, maana joto la pwani hii likichanganyika na unyevunyevu, jaketi la ngozi litakuangusha kwa kizunguzungu kabla ya ajali. Helmeti nilinunua ya kufunika uso mzima kwa laki moja na themanini. Nilisikia uchungu kuitoa hela ile. Ila zile nyepesi wanazopewa abiria wa bodaboda ukizibonyeza kwa vidole zinaingia ndani, na kidevu kiko wazi.

Barabara ninayoijua zaidi ni ya kutoka Mtwara kwenda Lindi, kilomita kama 110, kwa sababu ndiko kwetu. Hapo ndipo cc 149 zinapokutia adabu. Kwenye kilomita 80 kwa saa, gia ya sita, mshale unakaa karibu na elfu sita na pikipiki iko shwari kabisa. Sasa mbele kuna lori, unataka kulipita. Ukikunja mkono wa mafuta ukiwa kwenye gia hiyo hiyo, hakuna kinachotokea, unasikia tu sauti ikibadilika. Nguvu za injini hii ziko kwenye mizunguko ya juu, chini kumelala. Lazima ushuke gia mbili, mshale uruke hadi elfu nane, ndipo uchomoke. Na hata hapo unahitaji barabara tupu mbele yako ndefu kuliko anayoihitaji mwenye gari. Nikiwa na shaka nabaki nyuma ya lori, mbali kiasi cha kuona vioo vyake vyote viwili. Kuchelewa kufika kwa dakika chache sijawahi kukujutia.

Malori ndiyo habari kubwa ya barabara za kusini siku hizi. Makaa ya mawe yanatoka Ruvuma, yanapita Tunduru na Masasi, yanaikuta njia yetu karibu na Mingoyo na kushuka bandarini Mtwara. Ukichanganya na ya saruji, utapishana nayo kila baada ya muda mfupi. Lori kubwa likipishana nawe, upepo wake hukusukuma nje kwanza, kisha hukuvuta ndani, na pikipiki ya kilo 136 iliyovaa kava huuhisi upepo huo ubavu mzima. Kinga yake ni kupunguza mwendo kidogo kabla hamjakutana, kulegeza mikono na kubana magoti, na kuiacha pikipiki iyumbe kidogo chini yako bila kupigana nayo. Usikimbilie pembeni kabisa mwa lami. Pembeni ndiko kuna mchanga, kingo zilizomegeka na mbuzi. Napenda kukaa kwenye mstari linapopita gurudumu la kulia la gari, lami ni safi na wa mbele yangu ananiona kwenye kioo.

Halafu kuna tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Kwenye vijiji mwisho ni 50, na askari mwenye tochi huwa amekaa kivulini mahali ambapo lami imenyooka na inakushawishi. Pikipiki yenye sura ya mbio husimamishwa hata ikiwa kwenye 45, kwa sura yake tu. Nimeshazoea kusimama, kufunua helmeti, kuamkia, kutoa leseni na kuonyesha bima. Ukiwa na karatasi zako sawa mazungumzo huishia kwenye swali lile lile: hii inakimbia ngapi, dada?

Mama mdogo wangu anakaa Mnazi Mmoja, na safari ya kwanza nilipitia kwake nimpeleke Lindi mjini. Alitoka na kanga zake mbili na kikapu cha maembe, akakitazama kiti cha nyuma, akakibonyeza kwa kidole.

"Mwanangu, hapa nakaa mimi au anakaa paka?"

Hakupanda. Na alikuwa na haki: kiti kile ni kipande cha sponji kilichonyanyuliwa, hakina pa kushika, na mtu aliyezoea kukaa upande hawezi kukaa. Tulipanda Hiace, pikipiki ikabaki uani kwake. Siku hiyo nauli, muda na aibu vyote vilikuwa vyangu. Kama wewe ndiye mwenye usafiri pekee kwenye familia, wa kukimbiza mgonjwa na wa kuleta gunia la unga, R15 itakugombanisha na watu unaowapenda.

Nilianguka mara moja ya maana. Haikuwa barabara kuu wala mwendo mkali, ilikuwa ni jioni, nikikata kona kuingia mtaani kwetu Shangani, kilomita labda 20 kwa saa. Upepo wa bahari ulikuwa umeumwaga mchanga juu ya lami, mwembamba kiasi kwamba ukiwa na jua machoni huuoni. Mtoto alikatisha na baiskeli, nikagusa breki ya mbele pikipiki ikiwa bado imelala kwenye kona. Gurudumu la mbele likaondoka. Hakuna sekunde ya kufikiri: uko juu, halafu uko chini. Mkono wa klachi ulivunjika, kikanyagio kikapinda, indiketa ikang'oka, ule ufa wa Fuso ukaendelea hadi kwenye taa. Kifundo cha mguu kilivimba wiki nzima, na bila kiatu kirefu nisingekuwa nasimulia habari ya uvimbe. Bodaboda wa kona ile walikuja kunyanyua. Mmoja, mtu mzima, akaniambia bila kunicheka kwamba pale wameshaanguka wote, na kwamba kwenye mchanga breki ya mbele hushikwa ukiwa umenyooka tu.

Hilo nimelifanyia mazoezi tangu siku hiyo. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki, na anayeogopa kuitumia atamgonga mtu. Toleo hili halina ABS, kwa hiyo kazi ya kuzuia gurudumu lisigande ni ya vidole vyako: vidole viwili, unaanza taratibu, unaongeza nguvu kadiri uzito unavyohamia mbele. Kwenye mchanga, changarawe au lami ya mvua ya kwanza ya Desemba, maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa imesimama wima, kisha pita kwa mafuta kidogo na breki ya nyuma tu ikisaidia kidogo. Matengenezo ya siku ile yalikula laki moja na nusu, na ufa nimeuacha.

Lakini lililoniumiza zaidi mfukoni lilianzia kwenye chupa ya maji. Nilikwenda Tandahimba kwenye msiba, nikarudi kwa njia za ndani, petroli ikapungua mahali ambapo kituo kiko mbali. Kibandani kulikuwa na petroli ya chupa. Boxer zinaishi kwa petroli hiyo miaka nenda rudi, kabureta ikiziba unaifungua, unaipuliza kwa mdomo, unaondoka. R15 ina pampu ya umeme ndani ya tangi, chujio dogo, na nozeli yenye matundu ambayo uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuyaziba. Kilomita chache baadaye ikaanza kukohoa kila nilipopita elfu tano. Taa ya injini ikawaka. Nikafika Mtwara kwa mwendo wa baiskeli, jua limezama.

Fundi wa kwanza aliiangalia, akasema kabureta imejaa, leta elfu ishirini. Nikamwambia haina kabureta. Akasema pikipiki zote zina kabureta, hii imefichwa tu. Nikaachana naye kwa heshima. Wa pili alizima, akawasha, akahesabu taa inavyopepesa, akasema tatizo ni kompyuta, tununue nyingine Dar. Bei aliyoitaja ilinikalisha chini.

Wa tatu ni kijana ana banda karibu na stendi, amejaa grisi hadi kwenye nyusi. Akafungua kiti, akatazama nyaya, akafunga.

"Dada, hii mimi sijawahi kuifungua. Siigusi leo. Niachie namba, nitaangalia, nikielewa nitakupigia."

Akakaa siku kadhaa akitazama video kwenye simu na kumuuliza jamaa yake wa Dar, kisha akanipigia. Tulifungua tangi pamoja, mimi nikipanga skrubu kwenye kitambaa kwa mpangilio zilivyotoka na kupiga picha kila hatua. Chini ya tangi kulikuwa na tope jepesi la rangi ya chai. Chujio lilikuwa limeziba, pampu imechoka kwa kuvuta. Nozeli aliisafisha, pampu ikabidi iagizwe. Mpaka leo pikipiki yangu haifunguliwi na mtu mwingine. Namlipa zaidi ya anavyoomba, kwa sababu fundi anayejua mwisho wa ujuzi wake hawezi kukuvunjia kitu cha laki tatu ili kulinda jina.

Tangu hapo petroli ni ya kituo tu, na safari ya ndani naanza tangi likiwa limejaa. Tangi ni lita 12, na kwa mwendo wangu lita moja inanipeleka kilomita 40 hivi, kwa hiyo Lindi kwenda na kurudi haimalizi hata nusu. Hapo sina malalamiko.

Spea ni habari ya subira. Kinachopatikana hapa hapa ni oili, plagi ukibahatika, na cheni, kwa kuwa saizi yake ni 428 kama ya bodaboda nyingi, unakatiwa urefu unaoutaka. Sproketi, pedi za breki, nyaya, sili, chujio la hewa, vyote Dar, vinakuja na basi kama kifurushi. Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar upande wa Kilwa, kifurushi changu cha sproketi kilikuwa njiani. Mabasi yakasimama, bei za vitu zikapanda sokoni, na mimi nikaenda kazini kwa bajaji hadi njia ilipofunguliwa. Watu walikuwa na shida kubwa kuliko sproketi, sikuthubutu hata kulalamika. Ila nikajifunza kuweka akiba nyumbani: pedi za mbele, mkono wa klachi, mkono wa breki, waya wa klachi, plagi moja. Vinakaa kwenye kopo la maziwa.

Tairi zinahitaji onyo la peke yake. Rimu za R15 ni inchi 17, na za Boxer ni inchi 17, kwa hiyo utaambiwa tu tairi ya Boxer inaingia. Ya nyuma ya toleo langu ni 130/70. Tairi nyembamba ya bodaboda ukiilazimisha kwenye rimu pana inakaa vibaya, inavutwa ubavuni, na ukilala kona hujui itashika wapi. Agiza saizi yake. Ni ghali, ya nyuma ilinitoka zaidi ya laki moja na ishirini, na ndiyo kitu pekee kinachokugusanisha na barabara.

Chumvi ya bahari watu huisahau. Ukikaa Shangani, hewa yenyewe inakula chuma. Cheni ikilala siku tatu bila oili inaota kutu ya rangi ya machungwa, na vichwa vya skrubu za kava vinaliwa hadi bisibisi haishiki. Naiosha kwa maji baridi ya bomba kila wiki, bila ile mashine ya msukumo mkali kwenye nyaya na bearingi, naikausha, naipaka cheni oili ikiwa bado ya vuguvugu kutoka safarini ili iingie ndani ya pini. Rejeta yake inakaa nyuma ya gurudumu la mbele na inapokea matope yote. Vidirisha vyake vikiziba, feni inafanya kazi bila faida. Na rejeta isijazwe maji ya kisima. Weka dawa yake. Msimu wa salfa, kuanzia Juni, ukipita mashamba ya Nanyamba asubuhi wakati mashine zinapuliza, funga kioo cha helmeti na ukifika fungua chujio la hewa ulikung'ute, utalikuta la njano.

Hesabu ya mwaka wa kwanza, ukiacha petroli na bei ya kununulia, ilipita milioni moja na laki mbili: usajili na bima, leseni, helmeti na glavu, anguko, pampu, tairi, sproketi na cheni, oili kila kilomita 2,500. Mwaka uliofuata ilishuka karibu nusu. Jirani yangu mwenye Boxer alicheka, na Boxer yake wakati huo huo ilikuwa inamwingizia hela. Yangu haijawahi kuingiza hata mia.

Ninachopata ni kitu kingine. Asubuhi ya Jumamosi, mapema kabla malori hayajaamka, kile kipande cha Mikindani ambapo barabara inazunguka ghuba kisha inapanda, gia ya tatu, mshale elfu nane, pikipiki inalala kushoto, inanyanyuka, inalala kulia, na mwendo wenyewe haujafika hata 60. Hilo ndilo linalopendeza kwenye injini ndogo: unaitumia yote bila kuvunja sheria wala shingo. Mwenye cc 1000 angekuwa bado anasinzia gia ya kwanza.

Kama unaupenda mwonekano lakini mfuko una kikomo, tafuta Pulsar 150 au Apache 160 za kabureta, zinazopozwa kwa hewa. Hazina kava zote hizi, kiti cha nyuma mama mdogo anakaa, na fundi yeyote akiifungua anakuta vitu anavyovijua. Kama moyo umeshaganda kwenye R15, usinunue kwa hela yote uliyo nayo, bakiza laki tano isiyoguswa. Na kabla hujalipa, mpigie fundi wako umuulize kama amewahi kushusha pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi. Akisema amewahi, muulize ilikuwa ya pikipiki gani.